Wiki ya gambuti na matope: kutoka Merri Creek mpaka Budj Bim

Jumatatu, Northcote

Basi safari ndo imeanza. Kazini kwetu, kituo cha watoto upande wa magharibi wa Melbourne huku tulikojazana Waafrika, Wavietnam na Wahindi, wameamua kutulipia wiki nzima ya mafunzo mimi na mama mmoja Mkongo wa Uvira, twende tukawaone wenzetu wanaolea watoto porini kwa kufuata utamaduni wa wenyeji wa asili, halafu tukirudi tuseme kama na sisi tunaweza au haya ni mambo ya wenye nafasi zao. Mama ndo mwenye leseni na gari. Mimi kazi yangu kushika simu ya ramani na kugawa karanga.

Kwa msiojua, huku wanaiita bush kinder, tuseme vidudu ya porini. Ya kwanza Australia ilianzia hapahapa Melbourne mwaka 2011, chekechea ya Westgarth ilipoanza kuwapeleka watoto wake Darebin Parklands na kuacha midoli yote nyuma. Wazo lilitoka Ulaya, wenzetu wa Denmark na Ujerumani wana chekechea za msituni miaka mingi tu. Ila msitu wa Ulaya ni msitu, hapa kila kijito kina wenyewe, na wenyewe wapo hai wana majina na simu zao, ndo maana kitu cha kwanza kwenye ratiba yetu haikuwa kuona watoto, ilikuwa kwenda kukutana na mama mmoja mzee wa Wurundjeri, watu wa asili wenye ardhi hii ya Melbourne, pembeni ya kijito cha Merri Creek. Watu wote wanamwita Anti, hata bosi wa manispaa mwenye suti.

Anti akawasha moto mdogo ndani ya chombo cha bati, akauwekea majani mabichi ya mkaratusi ule wanaouita manna gum na ya mti mwingine, moshi ukawa mweupe mzito, tukapita mmojammoja. Akasema hii ardhi aliiumba Bunjil, yule tai mkubwa, na mgeni akikaribishwa anatoa ahadi, kwamba hataharibu ardhi na maji ya Bunjil, na hatawadhuru watoto wa Bunjil. Mimi nimefanya kazi ya kulea watoto tangu Tanga, nimesaini makaratasi ya usalama wa mtoto mpaka mkono ukauma, lakini sijawahi kusikia mtoto na mto vimewekwa kwenye kiapo kimoja.

Kingine tulichoelewa leo, kukaribisha ni kazi ya mwenye nyumba tu. Sisi wengine, hata mzungu ambaye babu wa babu yake alizaliwa hapa, tunachoweza ni kutambua kwamba tupo kwa watu. Mama akatikisa kichwa, akaniambia pembeni, "Ni vile, dada. Hata kwetu hauwezi ingia mu nyumba ya mutu, alafu weye njo unamukaribisha mwenye nyumba."

Jumanne, porini na watoto

Baridi ya asubuhi ilikuwa si ya kawaida, mama kavaa koti mbili na kilemba juu ya kofia. Watoto wao hawana habari, wamevaa gambuti na ovaroli za mvua, kamasi zinashuka, wanacheka.

Walimu walifika kabla yetu. Wanakagua matawi makavu juu (mikaratusi ya huku inadondosha tawi zima bila kuaga), chupa zilizovunjika, nyoka, wanafunga riboni kwenye miti kuonyesha mwisho wa eneo ni wapi. Kuna kihema cha choo, dumu la maji na sabuni, begi la huduma ya kwanza lenye bendeji ndefu za kumfunga mtu aliyegongwa na nyoka. Sheria ya Victoria, jimbo letu hili, inasema watoto wa kuanzia miaka mitatu ni mtu mzima mmoja kwa watoto 11, lakini porini wanaongeza watu, na mimi naona wana haki.

Wakakaa duara chini, kwenye tope kabisa. Hapa ndo nilitoa macho. Hakuna aliyesoma karatasi. Mwalimu akaweka viganja viwili ardhini, watoto nao, halafu katoto kamoja ka kama miaka minne kakaanza kusema kwa sauti ya kukwaruza, asante Wurundjeri kwa kututunzia hapa, wengine wakaitikia, wakagusa ardhi, wakainua mikono juu angani, wakaiweka kifuani. Pembeni kuna mwingine anachimba pua muda wote na hakuna aliyemkaripia. Ikaisha ndani ya dakika moja, wakatawanyika kama walivyofunguliwa geti.

Niliendelea kumfuata yule mwenye sauti ya kukwaruza maana alinivutia. Alikuta mkaratusi unaobanduka magamba, lile ganda refu linaning'inia, akalishika, akalivuta kidogo, akaliachia. Nikamuuliza mbona hulitoi, akaniangalia kama mtu anayeuliza swali la kijinga, akasema bado la mti. Kanuni yao ni hiyo, unachukua kilichoanguka, na kilichoanguka ukishamaliza kucheza nacho unakiacha hapohapo kwa sababu kuna mdudu alikuwa anakipanga chumba. Akaenda zake kwenye dimbwi kutafuta viluwiluwi.

Na viluwiluwi vyenyewe si bahati. Wurundjeri hawana misimu minne ya kwenye kalenda iliyokuja na meli, wana misimu saba, na huu wa Septemba na Oktoba unaitwa Poorneet, msimu wa viluwiluwi, mvua inaendelea lakini joto linapanda, mchana na usiku vinalingana, na mizizi ya murnong iko tayari kuliwa. Kabla yake ulikuwa Guling, wa maua ya okidi. Mwezi wa tatu utakuja Iuk, wa mikunga. Darasani kwetu sisi tuna bango la misimu lenye mtu wa theluji, Melbourne hapa, theluji ya kutengeneza mtu iko wapi? Mtoto akitoka nje anaona kitu kingine kabisa na tunamwambia bango ndo sahihi.

Murnong ni mmea wa maua ya njano, mzizi wake mdogo mnene mweupe, chakula kikuu cha watu wa huku kwa maelfu ya miaka. Wana kitalu walichokipanda wenyewe. Mwalimu alitoa vijiti vya kuchimbia, vigumu, vimechongwa ncha, watoto wakachimba taratibu wakichomeka kijiti pembeni na kukitikisa. Mzizi mmoja unachukuliwa, mwingine unarudishwa ardhini, udongo unabaki laini kwa ajili ya mwakani. Hiyo ndo ilikuwa kazi ya bibi zao, wakichimba ndo wanalima. Halafu kondoo wakaletwa. Melbourne ilianza 1835, na ndani ya miaka michache tu kondoo na ng'ombe walikuwa wameshautafuna murnong na kuukanyaga udongo mpaka ukawa mgumu kama barabara. Mwalimu aliwaambia watoto hivyohivyo, kondoo walikula chakula cha watu na watu wakalala njaa. Hakupamba. Mmoja akauliza kwa nini hawakuwafunga kondoo kamba. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu zuri.

Tulipokuwa tunaondoka ndege mmoja mweusi na mweupe, magpie, alimshukia mama kichwani mara mbili, ni kipindi cha kulinda makinda. Watoto wakamfundisha, usikimbie, mwangalie, tembea. Kilemba kiliokoa.

Jumatano, Melbourne Museum

Upepo mkali, wamefuta porini. Wana namba yao ya upepo, ikifika hapo hakuna mjadala, kama ilivyo kiangazi siku za marufuku ya moto. Tukaenda makumbusho, upande wa Bunjilaka, sehemu ya utamaduni wa wenyeji wa asili.

Nilikaa sana kwenye yale makoti ya ngozi ya posamu, mnyama mdogo wa manyoya anayekaa mitini. Ni vazi la watu wa kusini-mashariki huku kwenye baridi, mtoto akizaliwa anafungwa kwenye ngozi, anavyokua wanaongeza vipande, na upande wa ndani wanachora mistari na alama za kwao, kwa hiyo mtu anatembea amejifunika ramani yake. Makumbusho haya yana mawili ya zamani sana, moja la Echuca la 1853 na lingine la Lake Condah la 1872. Kazi yenyewe ilikaribia kufa, na mwaka 1999 kina mama wasanii, akina Vicki Couzens, Lee Darroch na Treahna Hamm, walipoyaona haya ya zamani wakaanza kushona upya na kufundisha wengine.

Sasa hapa niseme kitu kinachoniudhi. Kuna kituo kimoja niliwahi kufanya kazi, sikitaji, wao utamaduni wa wenyeji ilikuwa wiki moja mwezi wa saba. Watoto wanapewa karatasi yenye picha ya kangaruu, wanachovya pamba kwenye rangi wanapiga nukta, muziki wa didgeridoo, lile zumari refu la mti, unatoka kwenye spika, na bumarengi za plastiki. Ijumaa vinabanduliwa ukutani, tumemaliza. Lakini didgeridoo ni ya kaskazini kule Arnhem Land. Uchoraji wa nukta ule wa turubai ulianzia Papunya, jangwani katikati ya nchi, mwaka 1971. Wazungu walipofika kulikuwa na lugha zaidi ya 250 katika hii nchi, sasa wewe unachukua cha huku unachanganya na cha kule unampa mtoto wa Kulin, yaani wenyeji wa upande huu wa Melbourne, Wurundjeri wakiwemo, ambaye wazee wake walikuwa wanachora mistari. Ni sawa na mtu aje Tanga akufundishe ngoma ya Wamasai akuambie ndo ya kwenu.

Mwongozo wa taifa wa malezi ya awali, ule wa 2009 uliofanyiwa marekebisho 2022, unataka mitazamo ya wenyeji wa asili iwe ndani ya kazi ya kila siku. Kila siku. Hawakusema mwezi wa saba.

Alhamisi, Healesville

Mwendo wa saa moja na zaidi kwenda mashariki, vilima vya kijani, mashamba ya zabibu. Tulikuja kwa ajili ya wanyama, hifadhi ya Healesville ina kinyamadege, wombati na yule ndege lyrebird anayeiga sauti zote, na kweli tulimsikia. Lakini hifadhi yenyewe imekaa kwenye sehemu ya ardhi ya Coranderrk, na nikishajua hivyo kinyamadege alinitoka kichwani.

Coranderrk ilianza 1863. Watu wa Kulin wakiongozwa na Simon Wonga na baadaye binamu yake William Barak walitembea kutafuta mahali pa kukaa baada ya kufukuzwa kila kona, wakajenga nyumba, wakalima hopsi za kutengenezea bia, zikawa maarufu. Walipoona serikali inataka kuwahamisha walitembea kwa miguu mpaka bungeni Melbourne kudai haki, mpaka 1881 ikaundwa tume kuchunguza. Halafu 1886 ikaja sheria ya kuwatoa watu wenye mchanganyiko wa damu walio chini ya miaka 35, yaani vijana wenye nguvu ndo wakafukuzwa, wazee na watoto wakabaki, shamba likafa lenyewe. Kikafungwa 1924. Barak amezikwa hapo.

Halafu kuna ile ya watoto kuchukuliwa. Karne ya ishirini, miongo na miongo, serikali na makanisa waliwachukua watoto wa wenyeji kutoka mikononi mwa mama zao, na radhi rasmi ya bunge la taifa ikaombwa na waziri mkuu Kevin Rudd tarehe 13 Februari 2008. Kila mwaka tarehe 4 Agosti huku tunaadhimisha siku ya watoto wa wenyeji wa asili, kituoni huwa tunakata keki, na mimi nilidhani ni tarehe tu. Leo ndo nimeambiwa, ilikuwa siku ya kuwasherehekea kwa pamoja watoto waliochukuliwa wakiwa wadogo mno, ambao hakuna aliyejua wamezaliwa lini.

Kwa hiyo mama wa Kikoori, ndivyo wenyeji wa asili wa huku wanavyojiita, akisita kumleta mwanawe kwenye kituo chetu chenye fomu na kamera mlangoni, mimi simshangai tena. Bibi yake anakumbuka gari la serikali. Ndo maana kuna vituo vinavyoendeshwa na wenyewe, kama Yappera kule Thornbury.

Mama hakuongea njia nzima ya kurudi. Yeye alipita kambi na watoto wake, anajua kuhesabu vichwa usiku.

Ijumaa, njiani kwenda magharibi

Siku ya gari. Geelong, Colac, Warrnambool, mvua, ng'ombe, mvua. Tulisimama Tower Hill, ni kreta ya volkano yenye ziwa na emu, ndege wakubwa kama mbuni, wanaotembea maegesho ya magari kama wamelipia. Miti yote ilikuwa imekatwa na wakulima, na walipotaka kuirudisha miaka ya sitini wakatumia mchoro wa Eugene von Guérard wa mwaka 1855 kujua ni mimea gani ilikuwepo. Emu mmoja alikula karanga zetu. Tumelala Port Fairy, hita ya chumbani inapiga kelele.

Jumamosi, Budj Bim

Hapa ni kwa Gunditjmara, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi ya Victoria. Kijana wa huko ndo alituongoza, pamoja na familia mbili zenye watoto wadogo na mwalimu wao wa chekechea.

Budj Bim ni mlima wa volkano, ulilipuka kama miaka 37,000 iliyopita, lava ikamwagika ikaelekea baharini ikaacha mawe meusi kila mahali. Gunditjmara wakayachukua yale mawe wakachimba mifereji, wakajenga vizuizi na mabwawa ya kufugia mikunga. Umri wake miaka 6,600. Mwaka 2019 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia, eneo la kwanza Australia kuingia kwa utamaduni wa wenyeji wa asili peke yake. Na moto mkubwa wa kiangazi kilichofuata ulipochoma majani, mifereji mingine ikaonekana iliyokuwa imefunikwa. Sisi shuleni tulisoma kwamba hawa walikuwa watu wa kuhamahama tu wasiojua kulima wala kufuga, nani aliandika vile vitabu?

Mkunga wenyewe wanamwita kooyang. Anakaa kwenye maji baridi miaka mingi, kisha anashuka mto, anaingia baharini, anakwenda mpaka bahari ya Coral huko kaskazini, anazaa mara moja anakufa, na vitoto vyembamba kama uzi vinapanda kurudi. Wao wanatega njia yake. Maji yakipanda anaingia bwawani, yakishuka anabanwa, mdogo anapita mkubwa anabaki.

Dema zao zimesukwa kwa majani, ndefu, mdomo mpana na mkia mwembamba. Mkia ndo siri. Kijana akamwita mtoto mmoja wa kike akamwambia ingiza mkono mdomoni, mkono ukazama mpaka begani, vidole vikatokea upande wa pili. Mkunga anatoka hapo kichwa kwanza na mtu anamsubiri, mkubwa anachukuliwa, mdogo anaachiwa. Mtoto hakutaka kutoa mkono. Akakaa nayo kama amevaa nguo, akatembea nayo kwenye mawe, mama yake anapiga kelele utaiharibu, kijana anasema mwache, imesukwa ivuliwe samaki, dema isiyochafuka ni ya makumbusho.

Nikakaa na yule mwalimu tukila, kuna mgahawa pale Tae Rak, ndo jina la asili la lile ziwa la Lake Condah, wanauza mkunga wa moshi, mtamu, mafuta mengi, mama alirudia sahani. Nikamuuliza hivi vyote mnavipangaje kwenye ratiba. Akasema hawapangi sana. Wanakuja mahali palepale mwaka mzima. Ziwa hili lilikaushwa na walowezi wapate malisho, likajengewa kizuizi 2010 maji yakarudi, kwa hiyo maji yenyewe ni somo, mtoto anaona leo yamefika jiwe hili, mwezi ujao lile. Na hadithi hawazisimulii wao. Kuna hadithi ambayo mwalimu asiye wa huko haruhusiwi kuisimulia, anaijua, anaifunga mdomo, anamsubiri mzee mwenye nayo aje. Mzee analipwa, si soda na asante. Hilo la malipo alilisema mara mbili na mama akasema amina kwa sauti mpaka meza ya jirani ikageuka.

Jumapili, kurudi

Njia ileile, mvua ileile. Dada yangu wa Tanga ana chekechea yake Chumbageni, nilimtumia picha za watoto kwenye tope, akanirudishia sauti ndefu ya WhatsApp, eti wazazi wangu wakiona hivi watadai ada yao, wao wanataka mtoto arudi na daftari lenye A mpaka Z na soksi nyeupe. Nikamwambia hata huku wazazi wetu wa Kiafrika na Kihindi ndo hao hao, wamevuka bahari mtoto asome, halafu wewe umrudishe porini? Swali zuri kabisa na sina haraka ya kulijibu. Nitakachofanya ni kuwaita waje siku ya kwanza wakae duara na sisi, wachimbe, wapate matope wenyewe.

Mama na mimi tumeandika mambo ya kumpelekea meneja tangu Colac mpaka Geelong. Nyuma ya kituo chetu kuna kijito na miti, umbali wa watoto kutembea wameshika kamba. Meneja atataka kuanza na fomu ya hatari, kurasa na kurasa, nyoka, maji, tawi, magpie, mbwa wa watu. Sawa, tutajaza. Ila mama anasema hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni kujua kile kijito ni cha nani, maana mpaka wa Wurundjeri na majirani zao Bunurong ulipangwa upya 2021 na unakatiza katikati ya jiji, huwezi kubahatisha. Tupige simu, tuulize, tupange na mzee kuja mara ngapi kwa mwaka, tujue bei yake, iingie kwenye bajeti kabla ya gambuti.

"Na bakikataa?" nikamuuliza kwa Kiswahili chake, kumchokoza.

"Bakikataa tunabaki mu yadi yetu," akasema, akawasha indiketa. "Ni yabo."